Hali Shwari Huko Shimoni

Ijumaa, 24 Agosti 2018

Leo nimepewa daftari la bure, na cha bure hakikataliwi. Baada ya ibada kule Mesaimeer, yaliko makanisa yetu, Miriam, anayeimba nasi kwaya na ambaye kazi yake ni kupanga mitaa na miji, alisimama mbele yetu Wakenya. Akasema joto la nchi hii linazidi kupanda, na mvua zake, zikija, huja zote kwa mkupuo. Akasema mpango wa maafa hauanzii ofisini, huanzia kwa mtu anayejua maji husimama wapi. Kisha akagawa madaftari. "Andikeni mnayoyaona kazini. Nani alizimia kwa joto, mlango gani haufunguki. Msiniandikie Kiingereza kizuri. Niandikieni ukweli."

Basi naanza. Mimi ni Augustine Wandera, mlinzi wa jengo moja la ghorofa kumi na mbili mtaa wa Al Sadd, huku Doha, na huu ni mwaka wangu wa nne hapa. Nyumbani ni Budalang'i, ambako mto Nzoia huingia nyumbani kwa watu bila kubisha hodi. Mama yangu, Mungu amrehemu, kila mafuriko yakiisha alichora mstari kwa kisu kwenye nguzo ya nyumba, pale maji yalipofika, akaandika na mwaka. Na kila jioni alitaja kitu kimoja cha kushukuru, hata siku zile tulizolala juu ya tuta na kuku wetu. Nami nitafanya vivyo hivyo.

Asante ya leo: daftari.

Jumapili, 26 Agosti

Joto. Asante ya leo: lifti imepona.

Jumatatu, 3 Septemba

Kumbe kampuni ya Miriam ndiyo inayoandika mpango wa maafa wa mtaa wetu. Leo alikuja na ramani, akaitandaza juu ya meza ya mapokezi hadi ikafunika chai ya mwenzangu Levis. Akauliza maswali ambayo katika miaka yote hii hakuna mtu mwenye tai aliyewahi kutuuliza. Saa sita mchana jengo huwa na watu wangapi? Nani hasomi Kiingereza wala Kiarabu? Yule bibi wa ghorofa ya nne mwenye kiti cha magurudumu, lifti ikizima, nani atakaa naye?

Aliyejibu mengi ni Jennifer, mkuu wa wasafishaji, mama wa Kitale ambaye sisi humwita Mama Chelsea kwa jina la bintiye. Huyu mama ni redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Anajua nani ana sukari, nani hulala na dirisha wazi, na dereva yupi haoni vizuri. Nilikereka kidogo. Miaka minne nalinda jengo, kumbe anayelijua ni mwenye ufagio.

Asante ya leo: Levis hakumwaga chai juu ya ramani.

Alhamisi, 6 Septemba

Nyuzi arobaini na nne. Asante ya leo: soksi mpya kutoka kwa Millicent wangu. Mke kunitumia soksi Doha kutoka Busia, hayo ni mapenzi.

Jumanne, 11 Septemba

Leo tulifanya zoezi la moto. Kengele ililia saa tano asubuhi. Kwenye karatasi, mahali pa kukusanyika ni uwanja wa magari nyuma ya jengo, na kwenye karatasi hakuna jua. Watu mia moja na themanini walisimama juu ya lami wakingoja kuhesabiwa. Tulihesabu mara tatu, kwa sababu kila tulipokaribia kumaliza mtu alikuwa ameponyoka kutafuta kivuli. Dakika ya ishirini Levis, mwanamume mwenye kifua kama mlango wa stoo, alianguka chini.

Jennifer ndiye aliyemfikia kwanza. Alimfungua vifungo, akammwagia ndoo nzima ya maji ya kupigia deki huku akimgombeza. "Levis, amka! Usituletee matanga na hata bibi hujaoa!" Levis akafumbua jicho moja akasema ameoa, tena kanisani. Tukacheka hadi machozi.

Miriam hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa barabara akaandika muda mrefu. "Tumefanya zoezi la moto," akaniambia, "na nusura tuue mtu kwa jua."

Asante ya leo: Levis yuko hai, na ndoo chafu ni maji pia.

Alhamisi, 13 Septemba

Wenye jengo wamekubali ombi la Miriam. Kutakuwa na chumba baridi cha madereva, wasafishaji na watu wa bustani kupumzika saa za mchana, na ndicho kitakachokuwa mahali pa kukusanyika siku za joto kali. Wamechagua ghorofa ya chini ya ardhi, yenye maegesho na pampu, ambayo sisi huiita Shimoni. Ni baridi, ni pana, na hakuna mpangaji anayeitaka.

Miriam aliomba ukweli, basi huu hapa. Tarehe 25 Novemba 2015 ilinyesha mvua kubwa, maji yakateremka kwenye njia ya magari yakajaa Shimoni hadi magotini mwangu. Zamu ilikuwa yangu. Tuliyavuta kwa pampu hadi magharibi. Kisha Herbert, msimamizi wetu wa kutoka Kampala, akaninong'oneza kwamba kampuni yetu ilikuwa ikingoja kuongezewa mkataba na wenye jengo. "Ssebo," akaniita, yaani bwana kwa lugha ya kwao, "kilichokauka hakikutokea." Nikachukua OB, kitabu cha matukio ambacho mlinzi hukijaza kila saa, nikaandika kwa ule mwandiko wangu unaosifiwa na kila mtu: hali shwari. Saa baada ya saa, ukurasa mzima, hali shwari.

Asante ya leo imekataa kuja.

Jumapili, 16 Septemba

Shimoni pamepakwa rangi nyeupe na kufungwa viyoyozi viwili. Jennifer amekabidhiwa ufunguo wa mlango wa ngazi za kushukia. Anatembea nao shingoni kama chifu aliyeapishwa jana. Asante ya leo: furaha yake. Naiandika, lakini inanichoma.

Jumatano, 19 Septemba

Miriam amekuja kuchukua OB za miaka yote minne, katoni tatu. Anatafuta kila siku ambayo maji yaliwahi kuingia. Nilimbebea hadi kwenye gari. "Augustine, nyinyi walinzi ndio mtaniokoa," akasema. "Picha ya setilaiti haioni chini ya jengo."

Nikamwambia karibu tena.

Jumamosi, 22 Septemba

Unyevu. Ukitoka nje miwani inashika ukungu. Sijasema.

Jumatatu, 24 Septemba

Sijasema. Asante ya leo: mwanangu Wayne amekuwa wa tatu darasani.

Ijumaa, 28 Septemba

Mesaimeer. Kabla ya mazoezi ya kwaya Miriam alinivuta kando. "Nimesoma OB zenu zote, ukurasa kwa ukurasa. Mwaka elfu mbili na kumi na tano majirani wenu wote waliingiwa na maji. Nyinyi, hata tone. Nilishangaa, lakini kitabu kimesema. Nimeshaweka sahihi, chumba kifunguliwe."

Sikuimba. Sauti ya besi ilibaki bila mwenyewe.

Mkataba wangu unaisha tarehe 31 Oktoba. Wayne anaingia kidato cha nne Januari. Mlinzi husamehewa akisinzia, husamehewa akichelewa, lakini aliyeandika uongo kwenye OB hana wa kumtetea. Nimeomba leo hadi magoti yakauma, na nikiinuka bado najua ninalopaswa kufanya.

Jumatatu, 1 Oktoba

Shimoni pamefunguliwa. Jennifer ameleta pazia la maua na mkeka wake mwenyewe, akautandika karibu na nguzo ya pili, chini ya kiyoyozi. Nilishuka kukagua, nikamkuta ameketi peke yake, na kwa mara ya kwanza redio ilikuwa imezimwa.

"Hii Shimoni ilinikula mimi, Baba Wayne," akasema. "Si unakumbuka ile mvua? Nilikuwa naenda leave yangu ya kwanza. Sanduku langu la bluu lilikuwa hapo stoo. Viatu vya shule vya Chelsea, alikuwa anaingia class one. Gauni ya mamangu. Maji ikaingia, kila kitu ikaoza."

Nikamuuliza kama aliripoti. Swali la kinafiki, lakini mdomo uliuliza.

"Niliripoti! Wakafungua OB, wakanisomea. Hali shwari, hali shwari, hali shwari. Wakasema mimi ni muongo, natafuta sanduku ya bure. Nikaenda nyumbani mikono mitupu. Chelsea akaanza shule na viatu vya kuazima. Mpaka wa leo mama anadhani niliwasahau. Nikimwambia ni maji, ananiuliza, Doha ni jangwa, hayo maji yalitoka wapi?"

"Sasa mbona umekubali kukaa huku chini?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Ningesema nini? Kitabu kilishasema."

Nilipanda ngazi nikakaa chooni robo saa. Miaka mitatu mwanamke huyu amekuwa akinisalimu kila asubuhi. Nilidhani mdomo wake ni mrefu tu. Kumbe anaongea sana kwa sababu siku moja aliongea la kweli na hakuna aliyemwamini.

Jumanne, 2 Oktoba

Nilimpigia Miriam saa moja asubuhi, saa mbili na nusu akafika. Nilimshusha Shimoni hadi chumba cha pampu, nikamwomba amulike nyuma ya tangi, kwenye nguzo ambayo mafundi wa rangi hawakuifikia. Uko pale. Mstari, umechorwa kwa ufunguo: 25/11/15. Jioni ile ile niliyoandika uongo kitabuni nilirudi kuchora ukweli ukutani, mahali ambapo hakuna mtu ambaye angeuona. Mama angeniuliza.

Miriam alitoa futi ya chuma akapima. Sentimita arobaini na sita.

"Nani alikuwa zamu?"

"Mimi. Mwandiko ule ni wangu."

"Augustine, nimeweka watu huku chini kwa sababu ya mwandiko wako. Na sahihi yangu iko chini yake."

Nikamwambia samahani. Neno dogo sana.

Hakufoka. Heri angefoka. Alisema kosa lake ni kuamini karatasi kuliko mshangao wake mwenyewe, kwamba alijua majirani wote walifurika na bado hakushuka kuuliza. Kisha akasema wenye jengo hawatafunga chumba kipya kwa sababu ya mkwaruzo wa ufunguo. Wanahitaji maelezo yaliyoandikwa na kutiwa sahihi, na yakifika ofisini hayarudi nyuma. "Fikiria kwanza. Una watoto."

Nilikuwa nimeshafikiria siku kumi na tisa. Niliandika pale pale, juu ya tangi la pampu. Herufi zilipinda, na kwa mara ya kwanza sikujali uzuri wake.

Asante ya leo: mama yangu, na kisu chake.

Alhamisi, 4 Oktoba

Nilimngoja Herbert aje kunirarua. Alikuja kweli, chumbani kwetu, akavua kofia akakaa kitandani kwangu. Nimemwona miaka minne, sikujua ana upara. "Umeandika kwamba nilikuambia?" Nikasema sikumtaja. Akasema, "Ssebo, nipe na mimi karatasi. Kalamu ilikuwa yako, maneno yalikuwa yangu."

Nilikuwa nikimwita mwoga. Leo naandika kwamba nilikosea.

Jumapili, 7 Oktoba

Nimemwambia Jennifer. Sikutaka alisikie kwa mwingine. Alikuwa anapiga deki ngazi za ghorofa ya pili. Alisikiliza hadi mwisho, akakamua tambara taratibu.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Mama Chelsea."

Akabeba ndoo akapanda ghorofa ya tatu.

Alhamisi, 11 Oktoba

Tumepewa barua za onyo la mwisho, mimi na Herbert. Mikataba yetu itaamuliwa mwisho wa mwezi. Haki yetu.

Lakini Shimoni pamefungwa! Chumba kimehamishiwa lile duka tupu la ghorofa ya barabarani, lililokuwa la mshona nguo, hadi Machi mvua zipite. Miriam amebadilisha na mpango: mifuko ya mchanga kwenye mteremko wa magari, pampu ya akiba, umeme wa chini uzimwe mapema, mtu maalumu wa kukaa na bibi wa ghorofa ya nne, na namba za simu zimebandikwa kwa lugha sita. Kiswahili kimo. Nimekisoma mara mbili kwa fahari tu. Asante ya leo ni ndefu kuliko ukurasa.

Jumatatu, 15 Oktoba

Mbingu safi, hata wingu la kukopa hakuna. Kiyoyozi cha duka ni kibovu na madereva wanatokwa jasho, nao wamenipa jina: Nuhu. "Nuhu, safina imefika wapi?" ananiuliza Levis, ambaye tulimwokoa kwa maji ya deki. Jennifer hunipita na ndoo kana kwamba mimi ni kabati. Ninastahili. Asante ya leo: ananipita, hajaomba kuhamishwa.

Alhamisi, 18 Oktoba

Upepo umegeuka. Magoti yangu ya Budalang'i yananiambia kitu.

Jumamosi, 20 Oktoba

Naandika viatu vikiwa bado vimelowa.

Ilianza asubuhi kwa radi. Kisha ikashuka mvua ambayo sijaiona tangu niiache nchi yangu, nzito, ya kumwaga na beseni. Kufikia saa tano barabara ya mbele ilikuwa mto na magari yanazimika katikati. Herbert alizima umeme wa Shimoni kama mpango ulivyosema. Levis alipanda ngazi hadi kwa bibi wa ghorofa ya nne kabla lifti hazijasimamishwa, akakaa naye mchana kutwa. Wamecheza karata, naye Levis ndiye aliyefungwa.

Mimi na Herbert tulipanga mifuko ya mchanga juu ya mteremko. Ilistahimili hadi saa sita kasoro. Kisha maji yakaruka juu yake yakaporomoka chini kwa kishindo, na muda si mrefu tukasikia magari yaliyobaki yakigongana huko chini gizani.

Katika duka la mshona nguo walikuwamo watu ishirini na watatu, na Jennifer amesimama mlangoni. Dereva mmoja alitaka kushuka kuokoa gari la bosi wake. Alimsukuma, akamwomba, akampigia kelele ampe ufunguo wa mlango wa ngazi. Jennifer aliuingiza ufunguo ndani ya blauzi akakunja mikono.

"Gari watanunua lingine. Wewe, watakununua wapi?"

Yule bwana alikaa chini akalia. Jennifer akampa chai.

Mvua ilipopungua nilikwenda kumhesabu kila mtu. Ishirini na watatu, na wa ishirini na nne mwenyewe mlangoni. Nilihesabu tena kwa raha tu ya kuhesabu. Alikuwa akinitazama. Siku kumi na tatu hakuwa amenisemesha.

"Saa ngapi saa hii, Baba Wayne?"

"Saa tisa na dakika kumi."

"Si uandike."

Niliandika. OB ya leo ina kurasa nne na hakuna neno shwari ndani yake. Asante ya leo: ishirini na wanne. Ee Mungu, ishirini na wanne.

Jumatatu, 22 Oktoba

Pampu zimefanya kazi siku mbili. Leo tumeshuka Shimoni, mimi, Miriam na Jennifer na tochi yake. Tope, pazia la maua limejisokota kwenye kiyoyozi, na kote ukutani alama ya maji, kahawia juu ya rangi mpya. Miriam alipima akaandika, nami nikamshikia daftari.

Jennifer alienda moja kwa moja kwenye nguzo ya pili, akaigeuzia mgongo. Ni mwanamke mfupi. Alama ilimfika kidevuni.

"Saa sita mimi huwa nimelala hapa," akasema, akionyesha chini palipokuwa na mkeka wake. Baadaye akanipa ule ufunguo wa shingoni. "Chora. Na uweke tarehe."

Nilichora. Miriam ameliingiza hilo kwenye mpango wa mtaa mzima: kila jengo liwe na nguzo yake, na mlinzi awe na ruhusa ya kuchora bila kumwomba mtu.

Jumatano, 31 Oktoba

Mkataba: mwaka mmoja, mimi na Herbert. Onyo limebaki kwenye faili, na libaki.

Miriam amerudisha katoni za OB. Katika OB hakuna kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja, unaandika lililo kweli, unatia sahihi. Nilifungua tarehe 25 Novemba 2015, nikapiga mstari juu ya kila hali shwari, kumi na mbili kwa jumla, nikaandika pembeni kwamba maji yaliingia Shimoni yakafika magotini.

Jennifer alikuwa akipangusa meza ya mapokezi. Alikuwa ameipangusa robo saa.

"Na sanduku?"

Nikaongeza: sanduku moja la bluu, mali ya Jennifer Nekesa, pamoja na viatu vya mtoto na gauni la mamake, liliharibiwa na maji. Aliripoti, na alisema kweli. Nikatia sahihi.

"Soma."

Nikamsomea. Akatoa simu, akabonyeza, akangoja, akasalimiana na mtu kwa Kibukusu. Kisha akaileta karibu na mdomo wangu akaishikilia kwa mikono miwili.

"Soma tena," akasema. "Polepole. Mama anasikiliza."